Wastani wa Haki: Opereta, Makundi na Afya ya Jamii

Kila wastani unaotangazwa katika utafiti wa afya ya jamii hubeba dai ambalo mara nyingi halitamkwi: kwamba watu waliojumlishwa pamoja wangeweza kubadilishana nafasi, huyu akakaa pa yule na yule akakaa pa huyu, na jambo linalochunguzwa likabaki vilevile. Dai hilo huwa kweli mahali fulani na uongo mahali pengine, na uzito wake si wa kinadharia tu, kwa kuwa laweza kuufanya mlipuko wa ugonjwa uonekane unafifia ilhali unakua. Nimesoma hisabati ya opereta kwenye makundi kwa muda mrefu, na miaka ya karibuni nimefanya kazi bega kwa bega na watu wa epidemiolojia, yaani elimu ya kuenea kwa magonjwa. Kadiri ninavyoendelea ndivyo ninavyoamini kwamba nyanja hizi mbili zinauliza swali moja, yaani ni wakati gani wastani huwa wa haki.

Nianze na maana. Kundi, kwa wanahisabati, ni mkusanyiko wa vitendo vinavyoweza kufuatanishwa kimoja baada ya kingine, ambapo kila kitendo kina kinyume chake kinachokitangua. Kuzungusha umbo, kusogea hatua kwenye mstari wa namba kamili, kupanga upya majina katika orodha: vyote hivyo huunda makundi. Opereta nayo ni kanuni inayopokea orodha ya namba, hata kama orodha hiyo haina mwisho, na kurudisha orodha nyingine ya aina hiyohiyo. Pale ambapo opereta inaheshimu ulinganifu wa kundi, kazi ya kuichambua hupungua sana, kwa sababu orodha kubwa hugawanyika katika vipande vidogo ambavyo opereta haivichanganyi. Joseph Fourier aliitumia njia hiyo katika kazi yake kuhusu joto iliyochapishwa mwaka 1822, na Georg Frobenius, kuanzia mwaka 1896, akajenga nadharia iliyoifikisha kwenye makundi yenye ukomo ambamo mpangilio wa vitendo hubadilisha matokeo.

Miongoni mwa opereta zote za aina hii, iliyo nyepesi kuliko zote ni ile ya kuchukua wastani. Chukua jedwali lolote la namba, litendee kila kitendo cha kundi, kisha jumlisha matokeo na ugawe kwa idadi ya vitendo. Kinachobaki ni ile sehemu tu ambayo kundi halikuweza kuigeuza, na kingine chote hufutika kabisa, wala hakuna hesabu ya baadaye itakayokirudisha. Kwa hiyo wastani haupotezi taarifa kwa bahati mbaya. Hupoteza hasa kile kinachovunja ulinganifu uliochaguliwa, na katika afya ya jamii kinachovunja ulinganifu mara nyingi ndicho kinachotafutwa: rika linalougua zaidi, mtaa usiofikiwa na huduma, kazi inayomkutanisha mtu na wagonjwa kila siku.

Mfano ninaoupenda ni wa maambukizi, kwa kuwa huko opereta si pambo la lugha. Mwaka 1927 watafiti Kermack na McKendrick walionyesha kwamba ugonjwa wa kuambukiza una kizingiti, na kwamba chini ya kizingiti hicho hauwezi kuenea. Mwaka 1990 Odo Diekmann, Hans Heesterbeek na Johan Metz wakakipa kizingiti hicho maana kamili kwa jamii ambayo watu wake hawafanani. Walifafanua opereta ya kizazi kijacho, inayopokea mgawanyo wa walioambukizwa katika kizazi kimoja na kurudisha mgawanyo wa wale watakaoambukizwa nao. Namba ya msingi ya maambukizi, ambayo watu wengi waliisikia wakati wa janga la Uviko-19, ni nusukipenyo cha spektramu ya opereta hiyo, spektramu ikiwa ni mkusanyiko wa namba ambazo opereta huizidisha kwazo ile migawanyo isiyoibadilisha sura. Kwa maneno mengine, ni kasi ambayo opereta, ikirudiwa tena na tena, hukuza kitu ilichopewa baada ya mgawanyo wa mwanzo kusahaulika.

Tutunge jamii yenye marika mawili yenye watu sawa kwa idadi. Mgonjwa mmoja wa rika la kwanza huambukiza, kwa wastani, mtu 1.0 wa rika lake na 0.3 wa rika la pili. Mgonjwa wa rika la pili huambukiza 0.3 wa rika la kwanza na 0.2 wa rika lake mwenyewe. Sasa jifanye hujui habari za marika. Mgonjwa wa kwanza huzaa maambukizi 1.3, wa pili 0.5, na wastani wao ni 0.9. Namba hiyo iko chini ya moja, kwa hiyo mtu angeandika katika ripoti kwamba ugonjwa utakwisha wenyewe. Lakini ukiichambua opereta yenyewe utakuta mgawanyo ambao opereta haiubadilishi sura bali huukuza tu: watu watatu wa rika la kwanza kwa kila mmoja wa rika la pili. Watatu hao wa kwanza pamoja na mmoja wa pili huzaa maambukizi 3.3 katika rika la kwanza na 1.1 katika la pili, yaani mgawanyo uleule uliozidishwa kwa 1.1. Ugonjwa unakua kwa asilimia 10 kila kizazi.

Ukitazama kwa jicho la kundi, kosa linajitaja lenyewe. Kuchukua wastani ni kuitendea opereta lile kundi dogo lenye vitendo viwili, kuacha marika yalivyo na kuyabadilishana, kisha kugawa kwa mbili. Opereta inayopatikana ina 0.6 ndani ya kila rika na 0.3 kati ya marika, na nusukipenyo chake cha spektramu ni 0.9 kamili. Basi 0.9 si takwimu mbaya. Ni jibu sahihi kwa jamii nyingine, ambayo marika yake yangeweza kubadilishana nafasi.

Kuna jambo la kutia wasiwasi zaidi, nalo ni mwelekeo wa kosa hilo. Opereta inapokuwa linganifu, kwa maana kwamba kiasi ambacho rika la kwanza huliambukiza rika la pili ni sawa na kile linachopokea kutoka kwake, nusukipenyo cha spektramu ni sawa na ukubwa wa opereta (kiwango cha juu kabisa inachoweza kukuza orodha kwa hatua moja), na ukubwa wa wastani hauwezi kuzidi wastani wa ukubwa. Kwa kuwa kubadilishana nafasi hakugeuzi ukubwa, wastani juu ya kundi lolote la namna hii huishusha namba ya maambukizi au huiacha ilipo. Haiipandishi kamwe. Anayedhani ulinganifu usiokuwepo, katika hali hiyo, hakosei mara huku mara kule. Hukosea daima kwa kuidharau hatari. Na hali hiyo si ya kubuni tu, kwani kukutana kwa watu ni jambo la pande mbili: nikikutana nawe, nawe umekutana nami. Utafiti wa POLYMOD, uliochapishwa mwaka 2008, ulikusanya shajara za washiriki 7,290 katika nchi nane za Ulaya wakiandika waliokutana nao kwa siku moja, na majedwali yake yalionyesha waziwazi kwamba watu hukutana zaidi na wa umri wao, watoto na vijana wakiongoza.

Hapa lazima sharti litajwe, kwa sababu wengi huisikia kanuni hiyo na kuipeleka isikofika. Iwapo maambukizi hupita upande mmoja tu, tuseme rika la pili huambukiza watu wanne wa rika la kwanza na rika la kwanza halimwambukizi mtu yeyote, opereta halisi ina nusukipenyo cha sifuri, kwa maana mnyororo hukatika baada ya hatua moja. Wastani wake, hata hivyo, una 2. Katika jamii hiyo kudhani ulinganifu kungezusha hofu bure. Upande ambao kosa huelekea unategemea ulinganifu wa opereta yenyewe, na hilo halijulikani kwa kukisia. Hujulikana kwa kuuliza nani humwambukiza nani.

Turudi kwenye jamii ya kwanza, kwa kuwa bado ina mengi ya kusema. Tuseme mgonjwa wa kwanza anayeonekana ni wa rika la pili. Katika kizazi kinachofuata jumla ya maambukizi yanayotarajiwa ni 0.5, kisha 0.49, kisha 0.533, na kuanzia hapo hukua kwa 1.1 karibu kamili. Mtafiti anayetazama vizazi viwili vya mwanzo ana kila sababu ya kuridhika. Kinachomdanganya ni sehemu ya pili ya spektramu, yenye thamani ya 0.1, ambayo hufa upesi lakini ikiwa hai huficha ile inayokua. Uwiano wa 0.1 kwa 1.1 ndio unaotuambia muda wa kusubiri kabla ya kuiamini mwenendo wa takwimu, na hapa ni mfupi kwa sababu pengo ni kubwa. Katika jamii ambayo marika yake yanakutana kwa nadra, pengo hilo husinyaa na udanganyifu huchukua vizazi vingi.

Uamuzi wa chanjo nao hubadilika. Kwa 0.9 hakuna chanjo inayohitajika. Kwa 1.1, chanjo kamilifu inayogawiwa kwa usawa katika marika yote mawili inatakiwa ifikie mtu mmoja kati ya kumi na mmoja, yaani asilimia 9 hivi ya jamii nzima. Ikielekezwa kwa rika la kwanza peke yake, inatosha kufikia asilimia 10 na kidogo ya rika hilo, ambayo ni asilimia 5 tu ya jamii. Karibu nusu ya dozi zinaokolewa kwa kukataa kufuta tofauti moja mapema mno. Ninaposikia ikisemwa kwamba kuchambua kwa matabaka ni anasa ya watu wenye takwimu nyingi, hesabu hii ndogo ndiyo hunijia.

Hata hivyo ulinganifu si adui, na ingekuwa dhuluma kuuacha msomaji akidhani hivyo. Kuna njia ya kuufanya uwe kweli, nayo ni kugawa watu kwa bahati nasibu. Katika jaribio la streptomaisini lililofanywa na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza na kuchapishwa mwaka 1948, wagonjwa 107 wa kifua kikuu cha mapafu waligawiwa hivyo: 55 walipewa dawa pamoja na mapumziko ya kitandani, 52 wakapewa mapumziko peke yake. Baada ya miezi sita walikuwa wamefariki 4 upande wa kwanza na 14 upande wa pili. Tukitaka kujua kama tofauti hiyo yaweza kuwa ya bahati tu, tunawaza kwamba dawa haina athari yoyote, kisha tunabadilisha lebo za wagonjwa kwa kila namna ambayo mgawanyo ungeweza kutokea na kuangalia ni mara ngapi tofauti kubwa kama ile hujitokeza. Hilo ni kundi la vitendo likifanya kazi, na ulinganifu wake haukudhaniwa. Ulitengenezwa kwa mikono ya watafiti pale walipofunga mgawanyo ndani ya bahasha.

Jambo ninalolistahi zaidi katika jaribio lile ni dogo. Austin Bradford Hill, mtakwimu wa jaribio hilo, hakuchanganya wagonjwa wote pamoja. Mgawanyo ulipangwa ndani ya kila hospitali na kwa wanaume na wanawake kando kando. Kihisabati, kundi la haki si lile kubwa la kupanga upya watu wote 107, bali ni kundi dogo linalobadilisha watu wa hospitali moja na jinsia moja tu. Mtafiti anajipa ulinganifu kadiri ya ule alioujenga, bila kuongeza chembe. Wataalamu wa takwimu hulijua hili kama suala la kuchambua jinsi ulivyogawa. Mimi huliona ni sheria ya opereta ya wastani, kwamba matokeo yake yana maana pale tu ambapo kundi lenyewe lina haki ya kuwapo.

Hadi hapa makundi yalikuwa na vitendo vya kuhesabika hadi mwisho. Yanapokuwa hayana mwisho, swali la wastani linakuwa gumu kwa namna ambayo haikutazamiwa, kwa kuwa hatuwezi tena kujumlisha vitendo vyote na kugawa kwa idadi yake. Mwaka 1929 John von Neumann aliuliza ni makundi yapi yana njia ya kuchukua wastani isiyoguswa na vitendo vya kundi lenyewe. Kundi la kusogea kwenye namba kamili linayo, na vivyo hivyo kwenye gridi ya pande mbili au tatu. Lakini kundi huru lenye vizalishi viwili (vitendo viwili ambavyo vingine vyote hutokana navyo), ambalo picha yake ni mti usio na mwisho wenye njia nne katika kila kifundo na usiojirudia mahali popote, halina. Hakuna wastani wa haki juu yake, hata ukiutafuta kwa ujanja gani.

Miaka 30 baadaye, mwaka 1959, Harry Kesten alithibitisha thiorema ambayo kwangu ni miongoni mwa zile nzuri kupita zote katika eneo hili. Mweke mtembezi kwenye kundi, na katika kila hatua achague kwa bahati mojawapo ya njia zilizo mbele yake. Mwendo huo una opereta yake, na kundi lina wastani wa haki kama, na ni pale tu ambapo, nusukipenyo cha spektramu ya opereta hiyo ni 1. Kwenye gridi ni 1. Kwenye mti wa kundi huru ni mzizi wa 3 uliogawanywa kwa 2, takriban 0.866, na maana yake ni kwamba uwezekano wa mtembezi kurejea alikoanzia hupungua upesi mno, kama namba inayozidishwa kila hatua kwa kitu kilicho chini ya moja.

Sasa mpe mtembezi huyo ugonjwa. Kila mgonjwa, katika kizazi kimoja, huambukiza kwa wastani watu 1.1, na kila maambukizi mapya hutokea kwenye kifundo cha jirani kilichochaguliwa kwa bahati. Baada ya vizazi 100 jumla inayotarajiwa ni wagonjwa 13,780 hivi, iwe ni kwenye gridi au kwenye mti, kwa sababu jumla haijali jiografia. Lakini chukua kituo cha afya kilichoko pale ugonjwa ulipoanzia na uulize kinaona nini. Kwenye gridi ya pande mbili kinatarajia kuona wagonjwa 87 wa kizazi hicho. Kwenye mti kinatarajia chini ya 0.008, kwa kuwa 1.1 mara 0.866 ni 0.953, na namba hiyo iko chini ya moja. Ili kituo cha kwenye mti kiendelee kuona ugonjwa ukirudi, maambukizi yangepaswa kuvuka 1.155 hivi kwa kila mgonjwa. Kati ya 1 na 1.155 kuna hali ambayo ugonjwa unakua katika jamii nzima na huku unakwisha katika kila mahali pamoja pamoja, na kila kituo kikiripoti kwa uaminifu kwamba kwake umeondoka.

Kwenye makundi yenye wastani wa haki hali hiyo haipo katika mfano huu: kizingiti cha kukua kwa jumla na kizingiti cha kubaki mahali ni kimoja. Thiorema ya Kesten, ambayo ilizaliwa bila kufikiria mgonjwa yeyote, inatuambia kwamba uwezo wa kuchukua wastani na uwezo wa mahali pamoja kuwakilisha jumla ni kitu kimoja. Mwaka 1992 Robin Pemantle alionyesha hali ya kati ya namna hii kwa mfano mwingine wa maambukizi kwenye miti, ambamo kifundo kilichoambukizwa hupona na kinaweza kuambukizwa tena. Hivyo jambo hili halitokani na urahisi wa mtembezi wangu.

Najua pingamizi zitakazokuja, na baadhi yake ni za kweli. Watu hawaishi kwenye mti usio na mwisho, wanaoweza kuambukizwa hupungua, na mtandao halisi wa kukutana kwa watu una mizunguko mingi ya familia, madarasa na sehemu za kazi. Lakini safari za masafa marefu huupa mtandao sura inayokaribia mti kwa hatua za mwanzo, na hatua za mwanzo ndizo ambazo ufuatiliaji wa magonjwa unahitaji kuwa sahihi. Kwa jamii yenye ukomo, nusukipenyo cha mwendo huwa 1 daima, na swali la Kesten huhamia kwenye pengo lililoko kati ya 1 na thamani inayofuata. Pengo likiwa pana, ugonjwa hutawanyika upesi kuliko vituo vinavyoweza kuuona ukirejea. Likiwa finyu, hukaa na kujirudia pale pale.

Pengo hilo linaweza kukadiriwa kwa takwimu ambazo nchi nyingi tayari zinazo, za safari, za usajili wa shule na za rufaa kati ya vituo, na hesabu yake hufanyika kwenye kompyuta ya kawaida kwa kuirudia opereta mara nyingi na kupima jinsi mgawanyo wowote unavyokaribia kutulia. Ningependa namba hiyo iandikwe kando ya namba ya maambukizi katika kila ripoti ya mlipuko. Ya kwanza humwambia msomaji kama ugonjwa unakua, na hii ya pili humwambia kama kimya cha kituo kimoja kina uzito wowote kama ushahidi.